Mwalimu wa Machame Aliyeuondoa Umangi Mkuu: Maisha ya Solomon Eliufoo

Ndugu msomaji, siku moja ukiwa kwenye daladala inayoshuka Moshi mjini, ukabahatika kukaa jirani na mzee aliyekuwa kijana wakati wa uhuru, mtajie jina la Solomon Eliufoo. Akiwa mtu wa Machame, huenda uso wake ukachangamka. Akiwa wa Marangu, huenda akageuka akatazama migomba nje ya dirisha. Nimejaribu mara kadhaa, na sijawahi kumpata mzee asiye na upande. Hawa wazee walikuwa vijana tu mwaka 1960 Wachagga walipopiga kura kuamua kama waendelee kuwa na Mangi Mkuu au wawe na rais wa kuchaguliwa. Aliyeongoza upande wa rais, kisha akakikalia kiti chenyewe, ni huyu Eliufoo.

Kwenye majandokasisi yetu tunasoma sana habari za watakatifu na wamisionari, na ndivyo inavyopaswa. Eliufoo hakuwa Mkatoliki. Alikuwa Mlutheri, zao la misheni ya Machame ambayo Waleipzig waliianzisha mwaka 1893, mwaka uleule mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Kibosho. Lakini maisha yake yanagusa swali ambalo sisi wanafunzi wa falsafa tunalikuta vitabuni likiwa kavu, na hapa mlimani liliwahi kuwa na jasho: watu wakishamchagua kiongozi, je, wanaweza kubadili kanuni ya uchaguzi akiwa bado amekalia kiti?

Solomon Nkya Eliufoo alizaliwa mwaka 1920. Tanganyika ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Wajerumani na Waingereza walikuwa wanaanza kuizoea. Alipokuwa mtoto, kahawa ndiyo iliyokuwa inaugeuza mlima. Ilianzia misheni yetu ya Kilema, ikaenea kihamba kwa kihamba, na mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kwanza wakiongozwa na Joseph Merinyo wa Old Moshi. Miaka michache baadaye chama hicho kilivunjika kwa ugomvi na tuhuma, na KNCU ikazaliwa mahali pake. Kwa hiyo Eliufoo alikulia mahali ambapo mkulima wa kawaida alikuwa amekwisha kujua mkutano mkuu ni nini, mwenyekiti ni nani, na akaunti zikisomwa vibaya watu hufanya nini. Jambo hili wengi hulisahau. Siasa za mlimani hazikuanza na vyama vya siasa, zilianza na mizani ya kahawa.

Alisoma, akafika Makerere, akawa mwalimu. Kisha Walutheri wakamfungulia mlango ambao Wachagga wachache wa wakati ule waliupata: alikwenda Marekani, katika Chuo cha Bethany kilichoko mji mdogo wa Lindsborg, jimbo la Kansas, chuo kilichoanzishwa na Walutheri wenye asili ya Sweden. Baadaye alisoma pia Bristol, Uingereza. Hebu mfikirie kijana wa migombani akitembea kwenye uwanda wa Kansas, ambako mtu anaweza kutazama siku nzima asione kilima. Jimbo hilohilo ndilo lililotoa kesi ya shule za Topeka, ambayo mwaka 1954 iliifanya Mahakama Kuu ya Marekani itamke kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Tutakutana tena na jambo hili mbele kidogo.

Marekani hiyohiyo ilikuwa pia imegusa kanuni nyingine. Mwaka 1951 iliingiza rasmi kwenye katiba yake kifungu kinachomzuia rais kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Walikuwa wamemchagua Franklin Roosevelt mara nne, akafia madarakani, na baadaye wakaona kwamba hata mtu mzuri anaweza kukaa muda mrefu mno. Mwaka huohuo wa 1951, bila yeyote kupanga, Wachagga walifanya uchaguzi wao mkubwa wa kwanza, na wao hawakuweka ukomo wa namna hiyo.

Hapa inabidi nimwache Eliufoo kidogo nimzungumzie mtu mwingine, maana bila huyo wa pili hadithi ya wa kwanza haisimami.

Zamani mlima ulikuwa na wamangi wengi, kila mmoja na nchi yake kati ya mto na mto. Waingereza waliona taabu kuzungumza nao wote, na mwaka 1946 wakaugawa mlima katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila sehemu chini ya mangi mwitori. Watu hawakupendezwa. Waliona wamangi wachache wameongezewa nguvu juu ya wengine, na raia hajaulizwa. Mwaka 1949 Petro Njau pamoja na mzee Merinyo walianzisha umoja wa raia Wachagga, uliojulikana kwa herufi KCCU, ukidai mlima mzima uwe na mkuu mmoja anayechaguliwa na watu wenyewe. Serikali ilikubali. Waitori waligombea, akiwemo Abdiel Shangali wa Machame, lakini KCCU walikuwa na mtu wao: Thomas Marealle wa Marangu, mjukuu wa Mangi Marealle aliyekuwa rafiki wa Wajerumani. Alikuwa msomi aliyerudi kutoka Uingereza, mzungumzaji hodari, mtu wa redio. Alishinda, na tarehe 17 Januari 1952 akasimikwa kuwa Mangi Mkuu.

Tusimdharau Marealle. Aliupa mlima bendera yake, sikukuu yake kila tarehe 10 Novemba, na gazeti lililoitwa Komkya. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri miaka ile, na baraza la Wachagga lilijenga shule na kuwasomesha vijana. Mwaka 1957 alikwenda New York akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na huko alizungumzia pia kujitawala kwa Tanganyika. Kwa mtu wa Mamba au Kirua aliyezoea kudharauliwa na karani wa bwana shauri, kumwona Mchagga mwenzake akipokewa kama mfalme kulikuwa na ladha yake.

Ladha hiyo ndiyo iliyoanza kugeuka. Katika falsafa tunafundishwa kutenganisha cheo na mtu aliye katika cheo. Mlimani mambo hayo mawili yalichanganyikana haraka. Wapinzani walisema sherehe zimezidi na gharama zimezidi, na kwamba Mangi Mkuu anawasikiliza zaidi watu wa upande wake. Zito zaidi lilikuwa swali la muda. Marealle na wafuasi wake walishika kwamba amechaguliwa kwa maisha yake yote. Wapinzani waliogopa kwamba baada ya maisha yake kitafuata kiti cha kurithiwa na watoto wake. Tazama basi lilivyogeuka: chama kilichoundwa ili raia awe juu ya wamangi kilikuwa kimezaa mangi mmoja mkubwa kuliko wote waliomtangulia.

Eliufoo alirudi kutoka masomoni akalikuta joto hilo. Alikuwa mwalimu, mtu wa kanisa, mtu wa Machame, na mwanachama wa TANU. Kila moja ya sifa hizo ilimweka upande wa pili wa Marealle. TANU ilitaka Tanganyika moja, na Mangi Mkuu mwenye bendera yake haikumfurahia sana, wala yeye hakuifurahia. Machame na Marangu wana kumbukumbu ndefu za kushindana. Nasema haya mapema kwa sababu wako wanaoisimulia kura ya 1960 kama ushindi safi wa demokrasia dhidi ya ufalme, na wako wanaoisimulia kama kisasi cha Machame. Nadhani yote mawili yalikuwemo, na hakuna aliyeweza kuyachambua wakati ule, hata wao wenyewe.

Kabla ya vita ya mlimani, Eliufoo alipitia shule nyingine ya kanuni za kura. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo karatasi yake ilikuwa batili. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, ilibidi uwe na kipato, elimu au cheo fulani. Kanuni ile ilitungwa ili watu wengi wawe na sauti ndogo. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikaribia kuvunjika juu yake. Wenye hasira walitaka kususa, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Mwalimu Nyerere alishawishi wakubali kucheza kwa kanuni mbovu ili wapate nguvu ya kuibadilisha. TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, na mtego ukawanasa walioutega. Eliufoo aliingia Barazani katika uchaguzi huo, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa wajumbe wa kuchaguliwa watano wa kwanza kuingia serikalini, pamoja na Chifu Fundikira, George Kahama, Amir Jamal na Derek Bryceson.

Funzo la Tabora alilileta nyumbani. Hakumshambulia Mangi Mkuu kwa mawe wala kwa kususa. Chama cha Kidemokrasia cha Wachagga, alichokiongoza, kilitaka watu waulizwe. Swali lilikuwa jepesi kulisoma: Wachagga waongozwe na Mangi Mkuu, au na rais wanayemchagua kwa muda? Katika swali la namna hii, ndugu zangu, anayelitunga ameshafika nusu ya safari. Lingeulizwa kama watu wanamtaka Marealle, mambo yangehusu mtu na kazi alizofanya. Lilipoulizwa kuhusu kiti, hata aliyempenda Marealle aliweza kujiambia kwamba hampingi yeye.

Kampeni yenyewe haikuwa ya kujivunia. Upande mmoja uliambiwa ni vibaraka wa mkoloni, upande wa pili ukaambiwa ni wasaliti wa Wachagga waliotumwa kutoka Dar es Salaam. Watu wa ukoo mmoja waliacha kualikana mbege. Kwa desturi yetu aliyekosa hubeba jani la isale akaenda nalo kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hawezi kuikataa hivihivi. Lakini isale ni ya mtu kwa mtu. Chama hakina mkono wa kuibebea isale chama kingine, na maneno yaliyosemwa kwenye jukwaa mbele ya mamia hayana mtu mmoja wa kwenda kuyaombea radhi. Nadhani ndiyo maana wazee wale wa daladala bado wana pande.

Mapema mwaka 1960 kura ilipigwa. Waliotaka rais walishinda kwa wingi mkubwa. Umangi Mkuu ukaisha, na Solomon Eliufoo akawa rais wa Wachagga, akiwa na miaka kama arobaini. Mwaka huohuo Kanisa Katoliki la Moshi nalo lilipata kiongozi mpya, Askofu Joseph Kilasara, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jimbo hili. Waumini wa Kilema, Kibosho na Rombo walishuhudia mabadiliko mawili makubwa ndani ya miezi michache, moja kwa kura na jingine kwa uteuzi wa Baba Mtakatifu.

Sasa niseme wazi ninavyofikiri, kwa kuwa mwalimu wangu wa siasa darasani hapendi mwanafunzi anayejificha nyuma ya wazee. Mtakatifu Thomasi wa Akwino anafundisha kwamba utawala mzuri huchanganya: mmoja juu, wachache wenye fadhila pamoja naye, na watu wote wakiwa na sehemu katika kuwachagua. Kwa kipimo hicho Eliufoo alikuwa na haki kudai kwamba watu waulizwe. Lakini Thomasi huyohuyo anaonya kwamba kubadilisha sheria kuna hasara yake hata sheria mpya ikiwa bora, kwa sababu watu hutii sheria zaidi kwa mazoea, na kila badiliko hupunguza mazoea hayo. Badiliko lilipe hasara hiyo, ama liachwe. Umangi Mkuu ulikuwa na miaka minane tu. Mazoea gani yalikuwa yamekwisha kujengeka? Machache. Hiyo ndiyo hoja iliyo kali zaidi upande wa Eliufoo, kwa maoni yangu: hakubomoa mila, maana Mangi Mkuu hakuwa mila. Mila ilikuwa wamangi wengi. Mangi Mkuu mwenyewe alitokana na kura.

Hoja iliyo kali upande wa Marealle ni kwamba aliahidiwa. Mtu aliacha kazi yake akashika kiti kwa masharti fulani, kisha masharti yakabadilishwa katikati ya njia. Hakuchukua panga, alikwenda mahakamani kudai fidia, na Mahakama Kuu ikaona ana haki. Lakini mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imekwisha kuwa huru na uchifu umefutwa, Bunge lilipitisha sheria iliyofunga mlango wa madai ya waliokuwa machifu. Hapo mimi nasita. Wengi wakishinda kura wamepata kiti, hawakupata hati ya kufuta deni. Eliufoo wakati huo alikuwa waziri katika serikali hiyo.

Na urais wake? Haukudumu. Hili ndilo lililonifanya niandike habari zake. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, serikali haikuwa na nafasi ya rais wa kabila, kama isivyokuwa na nafasi ya mangi. Mwaka 1962 Eliufoo alikuwa Waziri wa Elimu, na mabaraza ya wenyeji yakageuzwa kuwa halmashauri za wilaya. Kiti alichokigombania kwa nguvu zote kilikufa kimyakimya, bila kura, bila mkutano wa hadhara. Aliyekuja kukiondoa ni chama chake mwenyewe.

Kama Waziri wa Elimu alikuwa na kazi kubwa kuliko ya mlimani. Tangu Januari 1962 shule za Tanganyika ziliacha kugawanywa za Wazungu, Waasia na Waafrika. Aliyesoma Kansas ndiye aliyepewa kuisimamia kazi hiyo katika miaka yake ya mwanzo. Mwaka 1964 ada za sekondari zilifutwa, na mtoto wa Kibosho asiye na kihamba kikubwa cha kahawa akaweza kusoma. Wapo mapadre wazee katika majimbo yetu waliosoma kwa mlango huo. Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, na wizara ya Eliufoo ikabeba mzigo wa kuipeleka mashuleni, majembe na mashamba pamoja. Shule za dini zilichukuliwa na serikali baadaye, kwa sheria ya 1969, naye hakuwa tena wizarani. Seminari ziliachiwa Kanisa, na kwa sababu hiyo wewe na mimi tupo hapa.

Maneno makali yalimfuata hata huko. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na baadhi ya mabango yao yalisema hali ilikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Nyerere aliwafukuza karibu mia nne, akapunguza mishahara ya wakubwa kuanzia wake mwenyewe. Waziri wao wa elimu alikuwa mtu aliyewahi kuwaongoza vijana kumwangusha mkubwa. Sijui kama lilimpitia akilini siku ile.

Kanuni za kura nazo ziligeuka tena mbele ya macho yake. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, na kila jimbo likapata wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama, wagombea walizungumza Kiswahili tu, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Kwa mtu aliyepanda kisiasa kwa kura ya Wachagga peke yao, akiwa na chama chenye jina la Wachagga, ilikuwa dunia nyingine kabisa. Miaka mitano tu ilikuwa imepita. Kanuni ile ilizuia matusi ya mlimani yasijirudie, hilo halina ubishi. Ilizuia pia mtu yeyote asiitishe kura ya aina ile aliyoiitisha yeye mwaka 1960.

Eliufoo alifariki mwaka 1971, hajafika miaka sitini. Mwaka uliofuata serikali ikazivunja halmashauri za wilaya nchi nzima, pamoja na ile iliyorithi baraza la Wachagga, na madaraka yakawekwa mikononi mwa maofisa walioteuliwa. Thomas Marealle aliishi miaka thelathini na sita zaidi yake, hadi Februari 2007. Watu wa Marangu waliendelea kumwita Mangi Mkuu.